Chupa ya Tatu

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umeacha kukusumbua na unalala usingizi wa kutosha. Wifi hajambo? Na mama, anakula vizuri au bado anachaguachagua chakula kama mtoto anayeota meno? Mimi ni mzima, nakula, na viatu vyangu vya kazi bado havijapasuka.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Unasema niache kazi ya kuwamiminia watu mvinyo, nirudi nyumbani nikusaidie dukani, kwa kuwa hiyo si kazi ya kumweka mtu mbali na ndugu zake miaka tisa. Sikukujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira, na wewe ndiye uliyenifundisha nisiandike nikiwa na hasira. Sasa imepungua. Haijaisha.

Nikueleze kwanza ilivyokuwa Alhamisi iliyopita. Mkahawa wetu uko ghorofani, juu ya duka la dawa, na una chumba cha nyuma chenye meza moja ndefu. Kwa muda mrefu kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Ni mimi niliyemganda mwenye mkahawa mpaka akachoka, nikimwambia tukisafishe, tukaribishe watu wanane tu, wale polepole, kila sahani ije na mvinyo wake na pawe na mtu wa kuwaongoza katika kuonja. Alikubali shingo upande. Alisema atatazama jioni moja. Ikifana, chumba ni changu kukisimamia. Isipofana, viti vinarudi.

Tatizo lilikuwa yule mwagizaji anayetuletea mvinyo, bwana mwenye sauti nzito anayezungusha glasi kama anatafuta kitu kilichozama humo. Aliposikia kwamba nitaongoza mimi, alimwambia mwenye mkahawa, nami nimesimama palepale, kwamba aliyeanza kwa kuosha glasi hawezi kumfundisha mtu kilichomo ndani yake. Kisha akajialika. Akaja na chupa yake kama zawadi, akataka iwe ya tatu, iende na nyama.

Wengine walikuwa mwalimu mstaafu na mumewe, daktari wa meno na dada yake, na maharusi wawili waliomleta mama mmoja fundi cherehani, kumshukuru kwa gauni la bibi harusi. Huyo mama alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama anayesubiri kuitwa ofisini.

Nilianza kwa kuwaambia sitawatajia harufu yoyote mpaka wataje wao. Mwanzoni waliona haya. Mwalimu akanusa ule mweupe, akasema anasikia ganda la limau. Mumewe akabisha kwamba ni majani yaliyotoka kukatwa. Daktari wa meno akasema kwake kila kitu kinanukia karafuu, na hilo ni kosa la kazi yake. Wakacheka, na kufika chupa ya pili walikuwa wanakatizana maneno.

Ikaja chupa ya tatu. Mwagizaji alisimama, akatueleza habari za kilima zilikolimwa zabibu zake na mzee aliyeuhifadhi mvinyo wenyewe. Wote wakaitikia kwa vichwa. Yule mama alionja kidogo, akaisogeza glasi mbali. Nikamuuliza anasikia nini. Akasema samahani, labda ni pua yake tu, lakini unanuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo ya maji.

Mwagizaji akacheka, akamshauri arudi kwenye sindano zake. Maharusi wakainamia sahani. Mwenye mkahawa, mlangoni, akanitikisia kichwa: achana nayo.

Nikaichukua glasi yake, nikanusa kwa muda mrefu. Halafu nikasema, “Mama amesema kweli. Kizibo kimeuharibu mvinyo huu, nami nawaomba radhi.” Nikakusanya glasi moja moja. Ya mwagizaji aliing'ang'ania. Nikasimama nimenyoosha mkono mpaka akaiachia. Nikafungua mwekundu wa rafu yetu wenyewe. Mwalimu alipounusa alisema na yeye alikuwa amesikia ule uvundo, ila aliogopa kuonekana mshamba. Daktari naye akakiri hivyohivyo. Mwagizaji akachukua koti lake akaondoka kabla ya matunda.

Sasa kaka, nikuambie nililomficha kila mtu jioni ile. Niliponusa glasi ile sikusikia kitu. Tangu nilipougua homa miezi miwili iliyopita pua yangu imekufa. Sabuni, moshi, samaki, vyote kwangu ni hewa. Niliwauliza wageni kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Kule kunusa kulikuwa maigizo, nakiri. Lakini nilimtazama yule mama usoni, nikaona mtu anayetamani sana kunyamaza na bado amesema. Nikaamua kusimama naye, hata kama ningefukuzwa palepale.

Kesho yake nilimwambia mwenye mkahawa yote. Alikaa kwenye ngazi, akaniuliza mwonjaji gani huyo asiyesikia harufu. Nikamwambia jioni ilifana, na ahadi ni ahadi. Nikamwambia pia kwamba nimeshaongea na yule mama. Kila Alhamisi atakuja kuzipima chupa kabla ya wageni, naye alipwe kama fundi yeyote. Sharti lake moja tu: asiombwe kutoa hotuba. Mwagizaji amekwisha kutuma ujumbe kwamba hataki tena biashara na sisi. Mwenye mkahawa alinuna siku mbili, kisha akaniletea ufunguo wa chumba.

Daktari wangu anasema pua inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Usiniandikie kwamba hiyo ni ishara. Kwako dukani nisingenusa pia, tofauti ni kwamba ningekuwa na huzuni. Sirudi, kaka.

Msomee mama barua hii yote, usiruke pale kwenye pua. Akilia, mwambie nitaandika tena nikipata nafasi, na sasa hivi sina, maana Alhamisi hii wamejiandikisha watu wanane.

Msalimie wifi, na watoto wote kwa majina yao.

Ni mimi mdogo wako,
Msimamizi wa Chumba cha Nyuma