Zamu ya Tatu ya Maji

Mjukuu wangu Eliamini,

Niwie radhi kwa ukimya mrefu. Bibi yako hajambo.

Uliniuliza kama mdogo wako Namsifu aachishwe shule kwa kuchelewa kusoma, ukaeleza kuwa nyuzi nyeupe za ubongo, zipitishazo habari, hukomaa polepole na hutofautiana baina ya watu.

Ujanani nilichimba mfereji kutoka ndiva, bwawa letu la kumwagilia kwa zamu. Maji yalinywewa na udongo njiani, nami nikatupa jembe. Mama akacheka.

“Mwanangu, mfereji mpya hunywa kwanza wenyewe. Fungulia tena.”

Zamu ya tatu maji yalifika kwenye maharage.

Jumapili nitamsihi baba yako ampe Namsifu mwaka mwingine. Tukishaamua, nitakuandikia.

Babu yako, Suji