Uji wa Elna Umeliwa

Kijijini Hulleröd,
19 Julai 1874

Mpendwa shangazi Botilda,

Pokea salamu zangu nyingi. Habari za huko Amerika? Mguu umepona? Sisi huku wazima, ng'ombe nao wazima, na mvua imetuachia wiki nzima. Unisamehe mwandiko, shule unajua niliishia wapi.

Shangazi, dada Elna yuko nyumbani! Miezi kumi na moja gerezani, kisa baba mkwe wake, mzee Måns, alikufa kwa sumu ya panya kwenye uji, na uji aliupika Elna. Kumbe aliyeitia ni Nils, mdogo wa huyo marehemu, anataka shamba. Amekiri mwenyewe kwa mchungaji. Jaji akamwachia dada.

Lakini majirani hawakumwachia. Mkate wake hawaugusi. Shemeji Anders akaniambia, wasipokula uji wake siku ya kumaliza kukata nyasi, anauza shamba wanahama.

Siku yenyewe ilikuwa jana. Elna akaleta bakuli kubwa la uji mzito, siagi imetuama katikati. Watu kumi na wanne wamelizunguka, kila mtu kijiko chake mfukoni, hakuna anayekitoa. Mimi nilishakula vijiko vitatu, ila mimi ni mdogo wake, kula kwangu hakuhesabiwi.

Mara akainuka mama mkwe wake, bibi Sissa, mjane wa Måns. Huyu ndiye aliyemsema Elna mahakamani, nikajua leo kumeharibika. Akatoa kijiko. Wala hakuanzia pembeni upande wake kama watu wenye adabu, akakizamisha palepale kwenye siagi, akabugia.

"Mnanikodolea nini? Kama ni kufa, nife na siagi yangu!"

Per fundi viatu akaruka. "We bibi, siagi ya wote hiyo!"

"Si mnaogopa? Ogopeni, mimi nile."

Weee! Vijiko vikagongana bakulini, wakala mpaka wakakwangua. Halafu bibi Sissa akamshika Elna mkono.

"Mwanangu, nilikukosea. Ila chumvi haijakolea."

Dada akacheka huku analia, akaenda kupika sufuria ya pili. Nayo imeisha, shangazi. Hawahami!

Mama anakusalimu sana. Nisalimie mjomba Jeppe na mtoto Hanna. Mungu awape afya na mavuno.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,
Truls