Nilivyomtafsiria Mama Sehemu ya Tisa

Jumamosi, 30 Agosti

Sehemu ya nane ya ile tamthilia ya Kijapani ya dobi. Jamani! Mama wa watu anapiga pasi shati la marehemu mumewe dakika nne nzima. Hakuna muziki, hakuna machozi, mvuke tu. Wajapani wanajua kunyamaza. Ndiyo maana nimedumu nao miaka kumi na sita. Sehemu kumi, kumi na moja, basi, kila mtu ashike hamsini zake. Siyo hizo nyingine za sehemu mia na ishirini, mtu anazimia Jumatatu anazinduka Ijumaa.

Ila ugomvi wangu nao uko palepale: ugonjwa. Kila wakimwandika mgonjwa, lazima familia imfiche. Daktari anawaita watoto pembeni, watoto wanainamisha vichwa, halafu wanarudi wodini na tabasamu na tofaa lililomenywa. Mgonjwa anakufa akidhani ana mafua! Mara mbili nimezima televisheni kwa hasira. Mama hunicheka: baba, hao unaowafokea wako Japani, hawakusikii. Naona na dobi ataumwa. Amekohoa mara mbili, na kwa Wajapani hakuna kikohozi cha bure.

Mama hasomi yale maandishi ya chini. Kiingereza hajui, na siku hizi macho yameingia ukungu, anaona vivuli tu. Mtafsiri ni mimi, tangu mwanzo. Anasema sauti zote naziigiza vizuri isipokuwa za wasichana.

Leo amekula vijiko vitatu. Tumbo bado linamsumbua. Majibu ya vipimo Jumanne.

Jumanne, 2 Septemba

Saratani ya kongosho. Imeshafika kwenye ini.

Daktari alituita kwenye korido — korido! — mimi na kaka. Mama tulimwacha kwenye benchi, hatua kumi hivi. Miezi mitatu, labda minne. Wiki tano au sita za mwanzo atakuwa na nguvu kidogo, baada ya hapo daktari haahidi kitu. Kisha akauliza nani kati yetu atamwambia mgonjwa.

Hakuna, kaka akadakia. Huyu kaka yangu tunamwita Mwenyekiti tangu utotoni, maana hata kugawana viti vya mezani alikuwa anaitisha kikao. Akasema Mama ana roho nyepesi, akijua atakufa kabla ya siku zake. Funika kombe mwanaharamu apite. Daktari akanigeukia mimi. Na mimi — niandike ukweli, hapa hasomi mtu — niliinamisha kichwa. Vilevile kama wao.

Tulimwambia ni vidonda vya tumbo. "Hivyo tu?" akasema. Akafunga kitambaa chake upya, akataka kwenda nyumbani.

Jumatano, 3 Septemba

Miaka kumi na miwili niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Kanuni ya kwanza niliyofundishwa na Mfamasia, mwenye duka: dawa haiingii kwenye kopo lenye jina la dawa nyingine. Hata kwa dakika moja. Hata kama unajua.

Leo nimechukua vidonge vya maumivu alivyoandikiwa Mama, vile vikali, nikavitia kwenye kopo la vidonda vya tumbo. Ni kwa ajili ya jirani yetu, muuguzi mstaafu, ambaye kila Jumapili huja kumpangia Mama vidonge vya wiki. Akisoma jina la kweli ataelewa papo hapo. Agizo la Mwenyekiti, mkono wangu. Nikabandika karatasi kwa mwandiko wangu mzuri. Ikakaa sawasawa, kama ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Jumamosi, 6 Septemba

Yaani leo. Yaani leo!

Sehemu ya tisa. Dobi ameanguka kati ya nguo za wateja. Hospitali. Daktari anawaita watoto wake watatu kwenye korido. Maandishi yakaja: mama yenu hatamaliza majira ya baridi. Mama pembeni yangu anasubiri, kichwa kimeinama upande wangu. Nilikuwa na sekunde mbili, maandishi hayasubiri mtu.

Nikasema: "Daktari anasema ni vidonda vya tumbo."

"Kama mimi!"

"Ndiyo Mama. Kama wewe."

Mtoto mkubwa wa dobi akasema tusimwambie. Nikatafsiri: tusimpe pilipili.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kumbe hata Wajapani wana vidonda! Alifurahi kweli, kama amepata ndugu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na ndiyo sehemu bora ya msimu mzima, naandika bila upendeleo: yule binti wa dobi alivyosimama mbele ya mashine ya kuuza vinywaji, akabonyeza kitufe, akasahau kuchukua chupa. Uigizaji huo huupati popote. Sikufaidi kitu.

Jumapili, 7 Septemba

Jirani kaja, kapanga vidonge, kaondoka. Kopo hakulishtukia.

Mama amesema vidonda vikipona atakwenda kwa mama mdogo. Nilikaribia kudondosha sufuria. Hawajasemeshana miaka saba, tangu mazishi ya bibi, kwa maneno ya nani aliuguza na nani alikuja na mkoba baada ya watu kukesha. Mdogo wake wa pekee! Nikamwambia twende wiki hii, naomba ruhusa kazini, ni safari ya siku moja tu.

"Haraka ya nini, baba? Mwakani. Siendi kwake nimekonda hivi, aseme nimekuja kuokota huruma."

Mwakani. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba lote.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia Mwenyekiti. Nikamweleza habari ya mama mdogo, kwamba Mama ana wiki tano za kusafiri na yeye anapanga mwakani. Tunamwibia hizo wiki! Akasema nimelewa televisheni, hii siyo filamu. Akasema tumwite mama mdogo aje, kama amepita tu. Kama amepita! Yule, bila kuambiwa sababu haji, na akiambiwa atalia kwenye simu mpaka ukoo mzima ujue kabla ya mwenye mwili.

Nikapandisha sauti, naye akapandisha yake. Halafu nikamsikia anapenga kamasi. Akanikumbusha Baba. Baba aliambiwa. Baba alisikiliza, akashukuru, akageukia ukutani, na chakula hakugusa tena. Kaka ndiye aliyekuwa anamlisha kwa kijiko, mimi nilikuwa mbali masomoni. Sasa namwelewa na bado nina hasira naye, yote kwa pamoja.

Jumamosi, 13 Septemba

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia dakika ya sita.

Sehemu ya kumi. Binti wa dobi analia nyuma ya mashine ya kufulia. Mama: analia nini? Mvuke umemwingia machoni, nikasema. Mtoto wa kiume karudi ghafla kutoka ng'ambo. Likizo, nikasema. Kisha watoto wanampeleka mama yao studio, apigwe picha nzuri wakati sura bado inang'aa. Wenyewe wanajua ni ile ya kuwekwa mbele ya jeneza. Yeye anapaka rangi ya mdomo, anatabasamu. Mpigapicha anainama nyuma ya kamera muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Picha ya nini?" Mama.

"Ya... ya kitambulisho."

Kuanzia hapo hakuuliza kitu, nusu saa nzima. Mama! Ambaye huuliza mpaka rangi ya mapazia! Mimi nikaendelea kushona uongo kwa uongo, jasho mgongoni, nikamfanya dobi apange safari ya kwenda kuona theluji.

Ilipoisha alisema tu: "Vidonda vya huyu mama vikubwa." Akaomba nimpeleke akajinyooshe. Saa kumi na moja jioni, jua bado kali.

Nadhani waandishi wa drama hii ni waoga. Sehemu mbili zimepita na hakuna aliyefungua mdomo. Nadhani. Mimi ni nani hata nimseme mwingine kwa uoga!

Jumatatu, 15 Septemba

Mfamasia ameniita stoo. Ameliona siku ileile, kopo. Hakupaza sauti. Alisema mtu mwingine angeshamfukuza, ila mimi amekaa siku kumi na mbili akinitafutia sababu. Nikamwambia yote, nimesimama kati ya maboksi ya pamba.

Alinisikiliza, miwani mkononi. Nikasema Mama akijua atakata tamaa. Akajibu kwamba watu husema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini msemo huo ni wa mgonjwa anayejificha mwenyewe.

"Nyie mmemficha mwenye maradhi maradhi yake. Hayo ni mali yake, kijana wangu. Rudisha dawa kwenye kopo lake."

Nimerudisha leo. Jina la kweli, kwa herufi za kiwandani. Jumapili jirani atasoma. Nina siku tano.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku tatu nimejaribu. Jumanne alikuwa na usingizi. Jana alikuwa anaimba. Nani anamwambia mtu anayeimba? Leo sina kisingizio, nimeogopa tu.

Nimemwandikia Mwenyekiti kwamba kopo limerudi lilivyokuwa, kwa hiyo Mama ataambiwa Jumamosi, apende asipende. Ujumbe wake: Usiseme neno. Nakuja Jumamosi saa kumi. Nitaongea mimi.

Ataongea nini? Atatafuta kopo lingine.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya friji.

Sehemu ya mwisho. Saa tisa nilikuwa nimeshachomeka kompyuta kwenye televisheni. Mama amekaa wima, hakuegemea mto kama kawaida yake. Nikashika rimoti.

"Usiwashe kwanza."

Akasema miaka kumi na sita namtafsiria, na amenijua. Nikisoma kweli, nakimbia, nawakanyaga wanaoongea, sauti zao na yangu zinapanda pamoja. Jumamosi mbili hizi nilikuwa nangoja watu wamalize ndipo niseme. "Ulikuwa unatafuta la kusema, baba."

Nikaiweka rimoti chini.

"Huyo dobi, anajua?"

"Hajui, Mama."

"Watoto wake?"

"Wanajua."

"Wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani atakasirika. Heri angekasirika! Akaniuliza daktari alisema nini pale kwenye korido. Nikashusha pumzi, nikasema basi ngoja nikusomee ilivyo, alisema mama yenu hatamaliza majira ya—

Akainua mkono.

"Siyo daktari huyo."

Nikasema naleta maji. Hakuniomba maji. Ndiyo nipo hapa, glasi ninayo, nimeshakunywa nusu mwenyewe. Nimepanga sentensi ya kwanza mara nne. Mama, lile la korido. Mama, siyo vidonda. Mama, twende kwa mama mdogo Jumatatu — hii naona inaanzia mwisho, lakini labda huko ndiko pa kuanzia.

Mlango! Saa kumi kasoro dakika kumi. Mwenyekiti, hodi yake naijua, anagonga kama ana hati ya mahakama. Nimeweka kalamu, nimeishika tena.

Mama ameita kutoka sebuleni. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mwache asubiri huko nje. Njoo uniambie wewe, wewe ndiye niliyekuzoea."