Usifunge Rimu Mpya Kabla Sijafika

Kayole, Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwezi wa kumi na nne tangu niondoke nyumbani.

Ndugu yangu Wekesa,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Ulikuwa unacheka, na nyuma yako nikasikia mama akiuliza kama ni mimi. Ningekupigia simu, lakini najua utanikatiza kabla sijafika katikati. Kwa karatasi huwezi kunikatiza.

Unasema umepata rimu za inchi kumi na saba kwa yule mtu anayevunja magari mjini, na unataka nikutafutie huku tairi za ubavu mfupi za kuzivalisha, zile za 205/40. Sikucheki. Najua pale stejini wanaliita gari lako gari la kubebea kuku, na najua abiria huangalia kinachong'aa kwanza. Ningekuwa kwenye nafasi yako ningezitaka pia. Lakini umesema neno moja ambalo limenifanya nikae chini. Umesema, "Kaka, zimeingia. Matundu yote manne, nati zimekaza."

Unamkumbuka baba na baiskeli yake? Wewe ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, akapewa lingine na jirani, dogo kidogo kuliko lile la kwanza. Alipolifunga likaingia vizuri kabisa, na alipolizungusha likazunguka. Akasimama nyuma akaliangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe mpya. Breki ya nyuma ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo alitegemea ya mbele. Jumamosi akampakia mama kwenye karia waende sokoni, mimi na wewe tukikimbia nyuma kwa sababu tulitaka kuona gurudumu jipya. Kwenye ule mteremko wa kwenda mtoni akabana breki. Raba za breki zilibana zikakamata hewa. Zilikuwa zimepimwa kwa gurudumu kubwa, na ukingo wa hili dogo ulikuwa chini, hazikuufikia. Mama alijaribu kuruka.

Ulilia kuliko mama mwenyewe. Mimi nakumbuka baba tu, ameketi kwenye nyasi, ameshika goti la mama kwa mikono miwili, anasema polepole, "Lakini liliingia."

Goti hilo ndilo unalolipeleka kliniki kila mwezi, Wekesa. Ndiyo maana uliponunua gari nilifurahi hadi nikawanunulia wenzangu chai. Mama hatapanda tena pikipiki kwenye mvua.

Sasa nikueleze ninachokiona kila siku hapa Spine Road, kwenye duka la tairi ninapovua na kuvalisha hadi kiuno kinakataa kunyooka. Asilimia niliyoikimbia darasani imekuja kunikamatia ubavuni mwa tairi. Tairi zako za sasa zimeandikwa 155/80, rimu 14. Maana yake upana ni milimita 155, na ubavu umesimama asilimia themanini ya upana huo, yaani 124. Mara mbili, juu na chini, ujumlishe na rimu, inchi 14 ambazo ni milimita 356, gurudumu zima lina kimo cha kama 604. Kimo hicho ndicho gari lilipimiwa. Rimu ikikua, ubavu lazima upungue ili kimo kibaki pale pale. Ukizidisha, tairi itasugua madigadi ukikata kona, na kipima mwendo kitakudanganya.

Hizo 205/40 zako kimo chake kinakaribia, sikatai. Lakini ubavu unabaki 82. Kwa lami ya huku mtu anavumilia. Kwa barabara yetu ya kokoto, jiwe likigonga halikuti mpira, linakuta rimu. Rimu ya namna hiyo ikipasuka, upepo unaisha mara moja, si polepole kama msumari. Tena angalia namba inayofuata baada ya ukubwa. Hiyo ni ya mzigo. Za kwako za zamani ni 88, tairi za kazi. Hizo unazotaka nyingi ni 84. Halafu wewe hubebi watu watano. Usinidanganye, nimewahi kupanda.

Wiki iliyopita alikuja kijana na gari la kubeba maharusi. Akamwambia Otieno, fundi ninayefanya naye kazi, "Fundi, niwekee zile flati kabisa, gari ikae chini."

Otieno akamuuliza, "Na bibi arusi anatoka wapi?"

"Machakos ndani ndani."

"Basi mwambie abebe viatu vya kutembea."

Tulicheka sote, hata yeye. Lakini Otieno hakumfungia. Alimtafutia zingine, akamwonyesha kwa mkono wake tofauti ya ubavu, na kijana akaondoka bila kinyongo. Nilitamani ungekuwa umesimama pale.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyofanya. Pale dukani kuna rimu nne za inchi kumi na tano, za aluminiamu, nyota tano, zinang'aa kuliko zako. Nimezipima kwenye gari la mteja, aina ile ile ya lako. Matundu yake ni manne kama ya gari lako, na shimo la katikati linakaa sawa, halichezi. Tairi yake itakuwa 185/60, ile iliyoimarishwa, mzigo 88. Piga hesabu mwenyewe: kimo 603. Mwenye duka amekubali tubadilishane na zako za kumi na saba, maana huku zina wateja. Zitume kwa basi wiki hii. Stejini watapata cha kuangalia, hilo sitakunyima.

Alhamisi mpeleke mama kliniki na zile zile za zamani. Wakikucheka, wacheke. Usifunge mpya hata kwa kujaribu.

Nimechoka huku, siwezi kukuficha. Maji hupanda ghorofani siku anazotaka mwenye nyumba, na mikono yangu inanuka mpira hata nikila. Lakini hii kazi imenifundisha kitu ambacho baba hakupata wa kumfundisha, na sioni sababu ya kukiacha Kayole.

Mwenye duka anafunga wiki ya Krismasi. Nitapanda basi la usiku Ijumaa ya kabla, Jumamosi asubuhi uko na mimi, na rimu na tairi zake ziko kwenye buti la basi. Tutazifunga pamoja, kisha utaendesha hadi ule mteremko wa mtoni na ubane breki. Mama atakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma, na magunia ya mahindi, ili gari liwe na mzigo wake wote.

Kaka yako mkubwa