Muhuri Niliouomba Mwenyewe

Houston, Texas

Mke wangu Salma, mama Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe kabla ya mtu yeyote, kisha mtoto wetu, kisha mama yangu, ambaye najua ndiye unayemsomea barua zangu. Hii usimsomee. Kaa nayo chumbani uisome mpaka mwisho, halafu umwambie utakavyoona wewe. Miguu yake vipi? Ile dawa ya kuchua niliyompa mtu wa Mkoani amletee, imefika, au kajichua mwenyewe? Mimi mwili mzima, nakula, nafanya kazi. Roho ndiyo mbovu.

Salma, makaratasi ya ukaazi, yale ya kuwaleteni huku, yameharibika. Nalisema mapema ili usilitafute katikati ya mistari. Yale mahojiano niliyokwambia kwenye simu, nikakwambia uanze kugawa vyombo, ukampa wifi yako Zuhura kitanda chetu cha samadari, yamefika na yamepita, na faili langu limefungwa. Aliyelifunga ni mimi, kwa ujinga wangu na kwa kiburi changu.

Unajua nilivyohama Irving, nikaacha kubeba mizigo ya watu kule uwanja wa ndege, nikaja Houston kwa kuwa huku kuna bahari na kuna vyombo vya kutengeneza. Nakaa na Bakari, yule Mmombasa dereva wa teksi, na kila asubuhi nateremka pwani kwenye karakana ya yoti, hizi mashua za matanga za watu wa starehe. Kazi ni ile ile aliyonifunza marehemu baba, kupachika mbao na kukalafati. Wazungu wakiniona naingiza pamba kwenye nyufa za mbao, wanasimama kutazama utadhani nacheza ngoma. Mmoja wao, daktari wa meno aliyestaafu, jina lake Karli, alinipenda. Yoti yake ya mbao ilikuwa inavuja kila pahala, nami nikaiziba ikanyamaza.

Basi akaniambia yeye na mkewe wanakwenda kisiwa kimoja cha Hondurasi kiitwacho Roatani, siku saba za bahari, na wanataka fundi ndani iwapo ubao utaachia njiani. Sasa nisikilize, maana ujinga uko hapa. Mwanasheria wangu, mama mmoja wa hapa hapa, alikuwa kaniambia tangu mwanzo: faili likiwa mezani, usitoke nchini bila kibali cha maandishi. Nilimsikia vizuri sana. Lakini mimi mtu wa Wete, Salma! Kwetu nani aliyewahi kuomba kibali cha kwenda Shimoni, ng'ambo ya Kenya, kuzika, au Tanga kuozesha binti wa ndugu? Unapanda chombo, unateremka, unakula ubwabwa wa watu, unarudi. Kusafiri kwangu mie ni uwanja wa ndege, foleni, na watu wa kupekua mikoba. Nikasema moyoni, chombo cha Marekani, bendera ya Marekani, nalala humo humo ndani, nitakuwa nimetoka wapi? Hata simu sikumpigia yule mama. Nilimwuliza Karli, akacheka, akasema, "Uko na mimi, usiwe na wasiwasi." Daktari wa meno! Nami nikaridhika.

Ya njiani sitaki kuyaeleza. Nilitapika siku mbili, mtoto wa kisiwani mimi, na mke wa Karli, bibi wa miaka sabini, ndiye ananishikia ndoo. Siku ya nane asubuhi tukaona milima ya kijani, na tulipoingia bandarini, wallahi nililia. Nyumba za mbao juu ya nguzo, nguo zimeanikwa barazani. Na mishelisheli! Tangu niondoke Pemba sijaona shelisheli likiwa mtini. Harufu ya mkate wa nazi tuliipata kabla hatujatia nanga. Mama mmoja mweusi, anauza mikate kwenye kimtumbwi, akaja ubavuni akanitazama mimi, si wale Wazungu, akaniuliza kwa Kiingereza chao, "Mwanangu, wewe wa upande gani wa kisiwa?" Nikamwambia mimi wa kisiwa kingine, mbali. "Mbali wapi, mbona uso wa hapa hapa?" Akanipa mkate, pesa hataki. Niliula nimempa kisogo ili asinione machozi.

Karli akapandisha kibendera cha manjano. Ndiyo desturi ya yoti, maana yake tumefika na hatushuki mpaka tukaguliwe. Akaja ofisa wa bandari, mtu mnene mcheshi, akakaa sitahani, akapewa soda baridi. Paspoti za Karli na mkewe akazigonga muhuri, pa, pa, bila hata kutazama picha. Yangu akaiweka kando. "Wewe baharia wa chombo," akaniambia, "siku tatu tu, na jina lako limo kwenye orodha. Muhuri wa nini?"

Hapo shetani akanikalia. Nilidhani nadharauliwa. Miaka sita, Salma, miaka sita watu wananitazama mikono, uso hawautazami, na sasa mweusi mwenzangu, kwenye kisiwa chenye mishelisheli, anawagongea Wazungu mimi ananiweka kando! Nikamwambia, "Nigongee na mimi. Mimi pia mgeni." Karli akasema hakuna haja. Nikasema, "Haja ipo." Yule mtu akacheka, akafungua ukurasa safi, akagonga kwa nguvu, akanipa mkono. "Karibu sana, bwana mgeni." Wino wa zambarau, na kati yake mnazi mdogo. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nikawaza nitamwonyesha Mwanaisha, nimwambie baba yako alifika mahali akapokewa kama mtu.

Kurudi hakukuwa na neno. Karli alipiga simu kwa watu wa uhamiaji kutoka gatini, akawatajia majina, wakamwambia sawa, nendeni nyumbani. Hakuna aliyekuja kututazama. Ungeniambia siku ile kwamba nimefanya kosa, ningekucheka.

Miezi mitano baadaye nikaitwa kwenye mahojiano. Nimevaa koti la Bakari, mwanasheria kando yangu. Ofisa kijana, mpole, kauliza yote nikajibu, hata picha yako akaitazama akatabasamu. Kisha akachukua paspoti akawa anafunua kurasa, moja, moja. Akasita. "Hii nini?" Nikamweleza kwa furaha, mjinga mie! Nikamweleza mpaka habari ya mkate. Nilipogeuka, mwanasheria kafunika uso kwa kiganja. Ofisa akauliza kibali. Hakipo. Akasema anayetoka bila kibali huhesabiwa ameliacha ombi lake mwenyewe. Nikamwambia sijaacha kitu, nilikuwa natengeneza mashua. Akaandika tu.

Nje mwanasheria aliniuliza jambo moja, "Nani alikulazimisha kugongewa?"

Nilimwendea Karli. Akasikitika, akasema hakujua sheria, na kweli hakujua. Ya nini ajue? Yeye dunia nzima bandari yake, anatia nanga anapopenda na mkate analetewa mlangoni. Huku ananipa pole, mkewe alikuwa ametandaza mezani ramani ya safari ijayo. Kazi ya karakana ile nimeiacha, siwezi kuitazama yoti ile bila kutamani kuitoboa.

Washauri sasa ni wengi. Binamu yangu wa Irving anasema njoo, badili anwani, ubebe mizigo, hakuna atakayekutafuta, wako wengi wanaishi hivyo, watoto wao wanakua kwenye picha. Bakari naye anasema, "Tulia bosi, sheria hubadilika." Na wote wawili wananikumbusha kwamba nikitoka, siingii tena. Nimekaa na maneno yao wiki tatu. Mwanaisha nilimwacha hajaota jino. Juzi kwenye simu kaniita "baba wa Amerika", kama vile ana baba mwingine hapo nyumbani. Neno lile limenikata maini.

Narudi, Salma. Narudi mikono mitupu, na sanduku langu ni patasi na nyundo ya kukalafati. Watacheka, najua. Kaka yako Hamadi, aliyesema tangu mwanzo kwamba nakupotezea ujana wako, atapata la kuzungumza barazani mwaka mzima, na mwache azungumze, ana haki yake. Hata wewe una haki. Kama umechoka nami niambie wewe, kwa mkono wako, kabla sijapanda ndege, nisije nikayasikia kwa watu.

Nisalimie baba mkwe na uniombee radhi kwake, maana nilimwahidi makubwa. Nisalimie ami Faki fundi, umwulize kama bado ana nafasi ya mtu kwenye banda lake la mbao. Mama yangu mbusu mikono. Mwanaisha mwambie baba ni mmoja tu.

Na kama hujachoka, nenda leo kwa Zuhura, usingoje kesho, umwombe akurudishie kitanda.

Mimi mumeo,
Khamisi