Mbuzi Juu ya Mlango wa Kanisa

Mjukuu wangu Naserian,

Takwenya! Hapa Isinya tuko wazima. Mvua imenyesha, na baba yako ameuza fahali wake vizuri huko Bisil, sasa anatembea kifua mbele.

Nimeona picha ya hilo kanisa la zamani la huko Ufaransa. Unauliza kwa nini walichonga simba na watu wanaotoa ulimi mlangoni pa nyumba ya Mungu. Hao mafundi siwajui, lakini niko na jibu la kwetu.

Nilipoolewa hapa, tulikuwa tunajenga kanisa la mawe. Fundi alituuliza sisi wanawake tuliomletea maji achonge nini juu ya mlango. Nikasema, "Mbuzi." Wazee walinuna, walitaka malaika, lakini mchungaji alicheka akakubali.

Mama mkwe wangu alikuwa amelikataa kanisa kabisa. "Hiyo ni nyumba ya wageni," alisema. Siku ya ufunguzi alikubali kunisindikiza hadi mlangoni tu. Akainua macho, akaona mbuzi ananyonyesha mtoto wake.

"Huyu ni wa kwetu!" akapaza sauti. Akaingia akicheka, akakaa mbele kabisa. "Mwenye huyu mbuzi ni nani?"

"Ni Mungu," mchungaji akajibu.

"Kumbe ni mfugaji mwenzangu!"

Kanisa zima lilicheka, na tangu siku hiyo hakukosa ibada.

Labda hata hao wa Ufaransa walitaka mtu akifika mlangoni ajione yuko nyumbani. Enda uwaangalie tena, mama, na ucheke nao kidogo.

Enkai, Mungu wetu, akutunze.

Nyanya yako