Mashimo Tisa ya Tata

Kenyamonta, 9 Mei 1993

Mdogo wangu Yona,

Salamu nyingi toka nyumbani. Hatujambo, isipokuwa Tata. Macho yamegoma kabisa, sasa ananitambua kwa sauti tu. Wewe je, kifua kimepona vumbi la huko machimboni? Nikolaus anayeleta barua hii amebeba fungu lako la nyama kavu ya nyumbu, la mwisho. Unamjua Tata, baba yako: sisi tutakula mlenda, lakini fungu la Yona haliguswi.

Sasa sikiliza. Kamati ya serikali ya wanyamapori inakuja tarehe 20 Juni, nyumbu wakifika. Inataka kuona kama kweli tuliwinda kwa chakula tangu zamani, ili turuhusiwe tena, tusikimbizwe na askari kama wezi. Ndugu yetu Machage amefungwa jela kwa ajili ya mguu mmoja wa nyumbu, na watoto wake wamekonda. Ushahidi wetu ni yale mashimo tisa ya mtego. Tata haoni, na wanawake kwa mila hatufiki kule. Umebaki wewe. Njoo uwaongoze.

Dada yako, Leonida

Kerende, 25 Mei 1993

Shikamoo dada, na Tata mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, nakohoa kidogo tu. Nyama nimekula na mwenzangu Mabula, mpaka akalamba vidole.

Dada, duara letu, hili shimo tunalochimba, limefika kwenye mwamba wenye dhahabu. Nikitoka leo, kesho nafasi yangu ina mtu. Nivumilie kidogo.

Halafu kuna jambo. Mabula ameona lile jiwe jeupe nililopewa na Tata siku nilipokabidhiwa shimo langu. Anasema jiwe la namna ile hukaa na dhahabu. Nimemwelekeza shimo langu, lile la tatu. Langu ni langu, sijagusa la mtu.

Mdogo wako, Yona

Kenyamonta, 6 Juni 1993

Yona, salamu nitakupa ukifika.

Nani alikuambia shimo ni lako? Ulikabidhiwa ulitunze, ni la ukoo. Tena yamepangwa mstari mmoja. Aliyeliona la tatu ameyaona yote. Jana Mogesi akitafuta ng'ombe wake alisikia sululu huko mashimoni. Tata sijamwambia, naogopa. Njoo umtoe mtu wako.

Dada yako, Leonida

Kerende, 17 Juni 1993

Shikamoo dada. Nisamehe. Mabula alirudi, na wiki iliyopita akaondoka tena hapa na watu wanane, na mimi sikumzuia. Nitafika tarehe 19 bila kukosa.

Mdogo wako, Yona

Kenyamonta, 2 Julai 1993

Yona,

Tulikungoja. Asubuhi ya tarehe 20 Tata alisema kuongozwa na mwanamke kule si mila, lakini watoto wakiisha kwa njaa hiyo mila ataifuata nani? Nikamshika mkono. Njiani aliwaeleza wanakamati kwamba shimo la mtego halizidi urefu wa upinde, maana likizidi mnyama anavunjikavunjika na nyama inaharibika, na kuharibu nyama kwetu ni mwiko. Aliwatajia majina ya mashimo yote. Alikuwa na furaha, Yona. Aliwachekesha.

Tulipofika niliyaona. Yote tisa yalikuwa yametobolewa kwenda chini kama visima, udongo umetapakaa. Tata akauliza, hili la nani? Nikasema la Yona. Akapiga magoti, akashusha upinde wake ili wapime. Mkono ukaingia mpaka begani. Akapapasa na upinde huku na huku, haukugusa kitu. Akauachia. Tuliusikia ukigonga mbali sana.

Katibu wao aliandika palepale: hawa ni wachimba dhahabu, si wawindaji. Ombi limekataliwa.

Nina hasira nawe. Tata hajakulaani. Afadhali angekulaani, nyumba ingepumua.

Juzi baba mdogo Mseti aliingia porini kwa kuiba, watoto wana njaa, akarudi salama na paja moja. Tata aliligawa mwenyewe kwa kupapasa, kama siku zote. La Mseti. La Agustina, mke wa Machage. Langu. Lake. Kipande kilibaki mkononi mwake, nami nikasubiri ataje jina.

Akakirudisha kwenye fungu la Agustina, akanipa kisu nikakioshe.

Leonida